Tulipeleka mzigo kwa oda ya simu, tukalipwa baada ya miezi kumi

Kwenye bahasha ya kikundi chetu kuna karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "Tumepokea dumu 104 na ndoo 90," na chini yake kuna sahihi isiyo na jina, cheo wala mhuri. Kuanzia Aprili hadi Agosti 2020 karatasi hiyo ndiyo ilikuwa hati yetu pekee ya kuonyesha kwamba tunaidai halmashauri shilingi 4,125,000.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 12, pembezoni mwa mji wa Moshi. Tunatengeneza sabuni ya maji. Mwishoni mwa 2019 tulipata mkopo wa shilingi 5,000,000 kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne, mbili. Mkopo hauna riba. Tulijenga kibanda, tukanunua mapipa manne ya lita 200, mizani, na malighafi za kuanzia. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Mkoa wa Kilimanjaro una halmashauri saba na yaliyotukuta yangeweza kutokea katika yoyote kati ya hizo. Tena watumishi wengi wa wakati ule wameshahamishwa, na baadhi yao walitutendea wema mkubwa.

Tarehe 16 Machi 2020 ilikuwa Jumatatu. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, naye alikuwa Arusha. Alikuwa ametua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla akitokea Ubelgiji. KIA iko kati yetu na Arusha, kwa hiyo kwetu habari ile haikuwa ya mbali hata kidogo. Kesho yake Waziri Mkuu alifunga shule. Ndani ya wiki moja kila duka la mjini lilikuwa na ndoo mlangoni, na pale soko la Mbuyuni ndoo ya lita 20 iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya kawaida ilianza kupanda asubuhi na jioni. Sabuni yetu ilianza kuisha kabla haijapoa. Nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo, na nakumbuka pia aibu ya kuifurahia biashara inayotokana na hofu ya watu.

Simu ilipigwa Alhamisi, tarehe 2 Aprili, jioni. Kijana wa watu alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikamwitikia. Akasema halmashauri inahitaji dumu 120 za sabuni, za lita 20 kila moja, na ndoo 90 zenye koki, kwa ajili ya zahanati, masoko na stendi. "Hali ni ya dharura, mama. Leteni kadiri zinavyokamilika, LPO itafuata." LPO ni hati ya maandishi ya kuagiza mzigo. Nilimuuliza bei, tukakubaliana shilingi 22,000 kwa dumu na 16,500 kwa ndoo. Sikumuuliza kitu kingine chochote, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Niliita wenzangu usiku huohuo, tukashangilia, na mwenyekiti wetu akaomba sala ya shukrani.

Nataka niweke hesabu wazi, kwa sababu watu wengi husimulia biashara na serikali bila kutaja namba. Malighafi na dumu tupu vilitugharimu shilingi 15,500 kwa kila dumu, jumla 1,860,000. Ndoo tulinunua Mbuyuni kwa 9,000 na koki kwa 3,500, jumla 1,125,000. Kirikuu ya kubebea mzigo ilikwenda mara mbili kwa 45,000 kila safari. Jumla yote ni 3,075,000. Kwenye akaunti ya kikundi tulikuwa na 975,000. Wanachama tulichanga 25,000 kila mmoja, ikapatikana 300,000. Iliyobaki, 1,800,000, nilikwenda kuikopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa jina la kikundi na kwa dhamana yangu mimi na mweka hazina, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Niliwaambia wenzangu ni deni la mwezi mmoja, tena ukizidi ni mmoja na nusu. Hakuna aliyenipa uhakika huo. Niliutoa kichwani mwangu.

Tulikoroga mapipa manne kwa siku, siku tatu mfululizo. Sabuni ya maji haikubali haraka, lazima ilale usiku povu lishuke ndipo uipime. Jumapili ya Matawi, tarehe 5, tulipeleka dumu 60 na ndoo zote 90, stoo ikafunguliwa ingawa ni Jumapili. Jumatano tukapeleka dumu 60 zilizobaki. Hapo ndipo kosa la pili lilipofanyika. Tukiwa njiani, simu ilipigwa kwamba tusishushe zote stoo: sita tuziache zahanati moja iliyoko njiani, sita zahanati nyingine, na nne sokoni, maana kule zinahitajika leo. Tulifanya hivyo kwa moyo mmoja. Sokoni tulimkabidhi mzee aliyekuwa akisimamia usafi, akatushukuru sana, tukaondoka. Stoo zikaingia 44. Mtunza stoo hakuwepo, aliyepokea alichana karatasi kwenye daftari akaandika dumu 104 na ndoo 90, akatia sahihi.

Dumu 16 zikawa hazipo popote kwenye maandishi.

Mwishoni mwa Aprili nilikwenda kuulizia. Nikaambiwa mchakato unaendelea. Katikati ya Mei nikaambiwa jambo ambalo sikulielewa: "Mama, hakuna kifungu." Nilidhani ni lugha ya kunifukuza. Nilirudi nyumbani kwa Hiace nikiwa nimekunja uso, nikawaambia wenzangu kwamba wanataka kitu kidogo. Nilimkosea yule mhasibu, maana alichosema kilikuwa kweli tupu. Ingenichukua dakika kumi kumwomba anieleze, nami nilichukua miezi mitatu kujifunza kwa kuuliza huku na huku.

Bajeti ya halmashauri ya mwaka wa fedha 2019/20 iliandaliwa kabla dunia haijasikia habari za Korona. Kila shilingi ilikuwa imeshapangiwa kazi, na ununuzi wote uko kwenye mpango wa mwaka. Mkurugenzi akitaka kununua kitu ambacho hakikupangwa, ni lazima fedha ihamishwe kutoka kifungu kingine, yaani fungu jingine la bajeti, na uhamisho huo una vikao vyake na idhini zake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 iliruhusu ununuzi wa dharura, lakini dharura hupunguza muda na ushindani tu. Maandishi yanabaki palepale. Wakati huohuo mapato ya ndani yalikuwa yakiporomoka mbele ya macho yetu. Ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa Aprili 11, zikarejea Mei 18, na hata ziliporejea watalii walikuja wachache. Hapa kwetu mlima ukikosa wageni, hoteli hazina wa kulala, wapagazi hawana mzigo, mama wa genge hana wa kumlisha. Ushuru wa nyumba za wageni, wa stendi na wa masoko vyote vinashuka pamoja. Wawili kati yetu waume zao ni wapagazi. Walikaa nyumbani tangu Machi, na zile 25,000 walizochanga zilikuwa za chakula.

Kisha ikaja Juni 30. Kama huijui tarehe hii na unataka kufanya kazi na halmashauri, ijue. Ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa. Madai ambayo hayakukamilika kabla ya hapo yanaitwa deni la mwaka uliopita, na deni la mwaka uliopita linasubiri kuhakikiwa. Juni hiyohiyo mabaraza ya madiwani yalivunjwa kupisha uchaguzi mkuu wa Oktoba 28. Diwani wetu, ambaye ndiye tulimtegemea kutusemea, akawa mgombea kama wagombea wengine. Menejimenti ya halmashauri iliendelea na kazi, lakini kila mtu alikuwa mwangalifu kusaini jambo lisilo na karatasi, na mimi nilikuwa na karatasi ya daftari.

Nitasema pia kuhusu risiti. Mhasibu alitueleza kwamba bila risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, hawezi kulipa hata kama kila kitu kingine kipo. Sisi hatukuwa na mashine. Jamaa mmoja mwenye duka alijitolea kutukatia risiti kwa mashine yake, tumpe asante kidogo. Nilikubali. Ndiyo, nilikubali, na nilikuwa nimeshavaa viatu niende kwake. Mweka hazina ndiye alinizuia mlangoni. Aliniuliza risiti itasoma jina la nani, na malipo yatakwenda akaunti ya nani, na watu wa mapato, TRA, wakimuuliza yule jamaa aliuza sabuni lini atajibu nini. Nilivua viatu. Tulinunua mashine yetu kwa kukopeshana wenyewe, na gharama yake siihesabu hapa kwa kuwa tunaitumia mpaka leo. Ukishawishiwa kuazima risiti, kataa. Ni kosa kisheria, na siku fedha ikiingia kwenye akaunti ya mtu mwingine hutakuwa na mahali pa kuidai.

Jambo lililoniumiza zaidi ya yote lilikuwa marejesho. Tulikuwa na mkopo wa halmashauri wa kurejesha kila mwezi, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, binti mpole ambaye hakuwahi kutukosea adabu, alikuwa akitupigia simu kila tarehe 5. "Shikamoo mama, nakukumbusha marejesho." Namwitikia marahaba, moyoni nasema, ninyi mnatudai wakati sisi tunawadai. Tuliandika barua kuomba deni letu likatwe kwenye deni lao. Ikarudi na jibu kwamba haiwezekani: fedha za mikopo zina akaunti yake na utaratibu wake, na idara iliyochukua sabuni ina kifungu chake. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumeandika, na kuambatanisha maelezo ya mzigo tuliopeleka, walitusogezea marejesho kwa miezi mitatu. Hicho ndicho kitu cha kwanza chema kilichotoka kwenye karatasi. Kama tungenyamaza kwa hasira, kama baadhi yetu walivyotaka, tungeandikwa wadaiwa sugu.

Agosti nilikwenda kuzitafuta zile dumu 16. Zahanati ya kwanza nilimkuta mganga mfawidhi akiwa peke yake na wagonjwa kwenye benchi. Nilisubiri. Alipopata nafasi nilimweleza, nikitegemea aniambie hakumbuki. Alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa leja. Kila kitu kinachoingia pale, kuanzia paracetamol hadi sabuni na mafuta ya taa, kina ukurasa wake. Kilichoingia, tarehe, kilitoka kwa nani, kilichotumika, kilichobaki. Tarehe 8 Aprili: sabuni ya maji, dumu 6, jina la kikundi chetu, namba ya gari. Nilitokwa na machozi palepale, mtu mzima. Alinipa nakala yenye mhuri. Zahanati ya pili ikawa hivyohivyo. Zile nne za sokoni hazikuwa na leja. Mzee wa usafi alikumbuka, wafanyabiashara wa karibu wakakumbuka, mtendaji wa kata akawahoji akatuandikia barua yenye mhuri. Ilichukua wiki mbili na safari tatu.

Pale zahanati ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani ningelijua Aprili. Yule mganga aliniuliza kwa nini hatukuwahi kuwauzia wao moja kwa moja. Akanieleza kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji za vituo vya kutolea huduma zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, pamoja na zile za bima na za papo kwa papo, yaani zinazolipwa taslimu na wagonjwa. Kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, ndiyo inayopanga matumizi. Dawa na vifaa tiba wanaagiza Bohari ya Dawa, MSD. MSD wakikosa kitu na kutoa taarifa kwamba hawanacho, kituo kinanunua kwa mshitiri, yaani msambazaji aliyeteuliwa na mkoa. Lakini vitu vya usafi vya kawaida kama sabuni ya kudekia, kama vimo kwenye mpango wao, kamati inaweza kununua kwa taratibu za ununuzi mdogo. Shule nazo zina akaunti zao. Mimi nilikuwa nikiiona halmashauri kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Kumbe ni nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba kina ufunguo wake na mwenye ufunguo wake. Tangu mwaka ule tumeuzia zahanati tano dumu tatu, nne, sita kwa mara, na malipo hayajawahi kuzidi wiki tatu.

Niseme kidogo kuhusu ndoo, maana kuna upande wa huduma ambao karatasi hazikuuona. Nilipita stendi mwezi Mei nikazikuta ndoo zetu. Nilizitambua kwa koki zake nyekundu. Tatu kati ya tano zilikuwa kavu. Koki moja ilikuwa imevunjika, imefungwa kwa mfuko wa rambo. Nilimuuliza konda mmoja nani anajaza maji, akasema wiki ya kwanza walikuwa wakijaza vijana wa usafi, baadaye haikujulikana ni kazi ya nani. Ndoo zilinunuliwa kwa dharura, na hakuna aliyepangiwa kuzijaza. Sokoni ilikuwa tofauti kabisa. Mama mmoja muuza ndizi alijitwalia kazi hiyo bila kuulizwa, wenzake wakawa wanamchangia mia mia kwa siku, na ndoo haikukauka hadi shule zilipofunguliwa Juni 29 na hata baada ya hapo. Kwa upande wetu nasi tulikosea: tulinunua koki za plastiki laini kwa sababu zilikuwa rahisi, na koki inayoshikwa na watu mia tano kwa siku inataka kuwa ya kukanyagia kwa mguu, au angalau ya mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko. Ningeletewa oda ile leo ningempigia aliyeagiza nimwambie, punguza idadi ya ndoo, tuweke zile za kukanyaga, na uniambie nani anabeba maji.

Novemba mkaguzi wa ndani alituita. Tulikwenda watatu, tumevaa kama tunakwenda harusini. Alikuwa mkali mwanzoni. Aliuliza nani alituagiza, nikamwonyesha kumbukumbu ya simu na ujumbe mfupi wa maneno ambao kwa bahati sikuwa nimeufuta: "Mama msisahau koki." Aliuliza bei ilitoka wapi, nikamwonyesha risiti za Mbuyuni za ndoo na koki. Akalinganisha karatasi ya daftari, leja mbili za zahanati na barua ya mtendaji. Sita, sita, nne na 104, ikatimia 120. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, mlifanya kazi nzuri na mkaifanya vibaya." Kauli hiyo niliibeba nyumbani na sijaiona kuwa tusi.

Malipo yaliingia tarehe 3 Februari 2021. Iliingia 4,042,500. Nilidhani wametukata, nikapiga simu kwa hasira, nikaelezwa kwamba asilimia 2 ni kodi ya zuio ambayo taasisi ya serikali hukata inapolipia bidhaa na kuipeleka TRA kwa jina letu. Ni shilingi 82,500. Hakikisha unadai hati ya kodi hiyo, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Sisi tuliipata baada ya kuomba mara mbili.

Basi hesabu ikawa hivi. Faida kabla ya kodi na riba ilikuwa 1,050,000. Toa 82,500, inabaki 967,500. Riba ya VICOBA kwa miezi kumi, 90,000 kila mwezi, ni 900,000. Kilichobaki ni 67,500. Gawa kwa wanawake 12: shilingi 5,625 kila mmoja, kabla ya nauli zangu za kwenda ofisini mara kumi na nne. Siku niliyosoma hesabu hiyo mbele ya wanachama sauti yangu haikutoka vizuri. Mwenyekiti alichukua daftari akamalizia kusoma.

Wiki ileile tulikuwa na msiba. Mwanachama mmoja alifiwa na baba yake, mzee aliyekuwa akilalamika kifua. Wakati ule watu walisema "changamoto ya upumuaji" na hawakuongeza neno. Alizikwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani la ukoo, katikati ya migomba. Langoni kulikuwa na ndoo na sabuni yetu, na vijana wa ukoo walisimama hapo kuhakikisha kila anayeingia ananawa. Nilimwona binti wa marehemu akinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, sabuni imejaa mikononi, akilia. Nilimaliza mwaka mzima nikizungumza habari za dumu na karatasi, na hapo ndipo nilipokumbuka sabuni ni ya nini.

Simu ilipigwa tena Agosti 2021. Rais Samia alikuwa amezindua chanjo Julai 28, dozi 1,058,400 za kwanza zilikuwa zimefika nchini, na halmashauri ilitaka dumu 40 kwa ajili ya vituo vya kuchanjia. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuitwa UVIKO-19. Mtumishi alikuwa mwingine, lakini maneno yalikuwa yaleyale: dharura, leteni, LPO itafuata. Moyo ulinidunda. Nikamwambia, "Mwanangu, sabuni tunaanza kukoroga leo. Gari litaondoka LPO ikifika. Naomba pia uniambie inalipwa kutoka kifungu gani na fedha ipo." Hakufurahi. Alisema tunachelewesha huduma ya wananchi, na neno hilo lilinichoma, kwa sababu sikutaka mtu akose kunawa kwa ajili yangu. Lakini nilikuwa nimeshajua kwamba hatari ya kukoroga ni ndogo. Sabuni ambayo halmashauri haikuichukua, zahanati na mashule watainunua. Kitu cha kununua kwa fedha taslimu ambacho huwezi kukiuza kwingine, kama ndoo tisini zenye koki, hicho usikiguse bila karatasi.

LPO ilifika siku ya tatu. Tulikwenda na hati ya makabidhiano ya nakala tatu tuliyochapisha stationery kwa shilingi mia tano mia tano: jina la mpokeaji, cheo, tarehe, idadi, mhuri. Kila kituo tulichoambiwa tupitie, mpokeaji alisaini yake. Kamati ya mapokezi ilihesabu mzigo mbele yetu na kufungua dumu mbili kupima uzito wa sabuni. Waliuliza nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na mwaka huo tulikuwa tayari nayo, tuliyoipata kwa kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, watupe barua ya utambulisho. Wajasiriamali wadogo wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo na kwamba inawapunguzia gharama. Ankara na risiti ya EFD vilikwenda siku ileile. Tulilipwa siku ya 41.

Tulichelewa pia kujua kwamba marekebisho ya 2016 ya sheria na kanuni za ununuzi yaliagiza taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tulikuwa tukiomba kama ombaomba kitu ambacho kilikuwa na nafasi yetu kisheria, ila lazima kikundi kisajiliwe na kutambuliwa kwa ajili hiyo. Siku hizi mambo yamehamia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na kuna sheria mpya ya ununuzi ya 2023. Mwanachama wetu mdogo kuliko wote ndiye anayesimamia mfumo huo kwa niaba yetu, kwa simu yake. Ukianza leo, anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mweleze unataka kusajili kikundi kwenye NeST, na uende na katiba ya kikundi, cheti, TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki yenye jina linalofanana herufi kwa herufi na la cheti. Jina letu lilitofautiana kwa neno moja, likatugharimu mwezi mzima.

Wanachama tuko 11 sasa. Aliyeondoka aliondoka Septemba 2020, mmoja wa wale ambao waume zao ni wapagazi. Alisimama kwenye kikao akasema niliwaambia mwezi mmoja, na watoto wake hawali maneno yangu. Sikuwa na jibu. Fedha zilipoingia nilimtafuta anakouza mboga, Kiboriloni, siku ya soko. Nilimpa 25,000 yake na ile 5,625, na nikaongeza nauli zangu za safari tatu ambazo kikundi kilikuwa kimenirudishia. Alihesabu polepole, akazifunga kwenye khanga. Akaniagizia chai kwa mama wa jirani, tukakaa kwenye gunia la viazi tukanywa, tukaongea habari za watoto. Nilimwomba arudi. Alitikisa kichwa, akanifungia mafungu mawili ya mnafu niende nayo nyumbani.